Hadithi ya kuchagua njia: jinsi ya kuitumia kusomesha fasihi sekondari, hatua kwa hatua

Walimu wenzangu, hii naiandika manake maswali kuhusu hadithi ya kuchagua njia ni yale yale kila nikikutana na walimu wapya wa Kiswahili, iwe ni hapa Amu (mji wa Lamu), Mokowe, Faza ama kule Malindi. Je nitahitaji kompyuta? Time nitaitoa wapi na silabasi haijaisha? Hao watoto si watapiga kelele mpaka mkuu wa shule aje mlangoni? Basi nimeona niyaweke yote pahali pamoja, wewe soma, jaribu, umtumie na mwenzako.

Majibu ya haraka kwanza. Kompyuta si lazima, karatasi zatosha kabisa. Kipindi kimoja cha dakika 40 chatosha kwa tukio moja, ukipata double ni raha zaidi. Kelele zitakuwepo, tena uzitake, ila ziwe za watu wanaobishana kuhusu mhusika, sio za mechi ya jana.

Na hii hadithi ya kuchagua njia ni nini? Msimulizi anafika mahali mhusika ana uamuzi wa kufanya, anasimama, wanafunzi ndio wanaamua mhusika afanye nini, na hadithi inaendelea kulingana na walivyoamua. Si kitu kigeni kwetu, bibi zetu wakisema paukwa hawakutuacha tukae kimya kama magunia, tuliitikia, tuliuliza, tuliimba ule wimbo wa katikati. Lakini shika hili kabla ya yote: lengo si watoto waibadilishe hadithi. Lengo ni kwamba wakishaibadilisha warudi kwa mtunzi wamuulize, wewe mbona ulichagua vingine? Fasihi yenyewe iko pale. Ukiiruka hiyo sehemu umewapa mchezo mzuri tu na kwa mtihani hautawasaidia.

Mfano nitautumia mmoja, Fumo Liyongo, kwa sababu huku kwetu ni nadra kumpata mtoto ambaye hajaisikia hata kama ni nusu nusu, na kwa silabasi iko chini ya mighani, yaani hadithi za mashujaa, kwa hivo hakuna atakayekwambia umetoka nje ya kazi. Utaratibu ni huo huo kwa riwaya, tamthilia ama hadithi fupi mnayosoma mwaka huo.

Kwa asiyeikumbuka vizuri: Liyongo alikuwa shujaa na malenga, mkubwa wa mwili, hodari wa upinde na mishale. Mtawala wa Pate akamwogopa kwa ajili ya ufalme. Akamtegea hila ya makoma, matunda ya mti wa mkoma, watu wapande mkoma kwa zamu, zamu ya Liyongo ikifika apigwe mishale akiwa juu, Liyongo naye hakupanda, aliyaangusha makoma kwa mshale akiwa chini. Akaja akafungwa. Mamake akamtumia tupa ya kukatia chuma ndani ya mkate wa wishwa (pumba), kijakazi Saada ndiye aliyeupeleka, askari wakala vile vyakula vizuri wakaudharau mkate, kisha ngoma ya gungu ikapigwa nje na yeye ndani akawa akata minyororo bila kusikika. Mwisho mtawala akamtumia mwana wa Liyongo mwenyewe amuulize babake kitu gani kinaweza kumuua. Ni sindano ya shaba kitovuni. Mtoto akamchoma amelala. Liyongo akainuka akaenda mpaka kisimani, akapiga goti, upinde ameuvuta, akafa vile vile, na watu wakakaa na kiu wakiogopa kusogea wakidhani yu hai.

Muhammad Kijuma wa hapa Lamu aliiandika kwa utenzi mwaka 1913, hiyo ndiyo matini ya kurudia mkimaliza.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA HUJAANZA

- Matini yenyewe, na wewe uwe umeisoma mpaka mwisho. Yaani usianze hii kazi kwa kutegemea mwongozo wa kununua, watoto watakuuliza mambo ambayo mwongozo hauna.
- Karatasi ngumu za manila za rangi mbili. Kata kadi za ukubwa wa nusu karatasi ya A4. Hizi rangi mbili si urembo, utaona mbele.
- Maka peni nene, selotepu, na daftari moja kwa kila grupu.
- Saa. Ya simu yako yatosha.
- Ruhusa ya kusogeza madawati. Kama darasa la jirani lina mtihani, ahirisha tu.

Darasa la watu 45 ama 50 ligawe magrupu ya watu 6. Wakizidi hapo wawili watalala.

Hatua ya 1. Chagua tukio moja, usichukue kitabu kizima

Hapa ndipo wengi wanapojichosha bure, ataka kuigeuza riwaya ya kurasa mia mbili iwe ya kuchagua, anafika sura ya pili anaacha. Wewe tafuta tukio ambalo mhusika angeweza kufanya kitu kingine. Jiulize hilo swali moja tu. Kama mhusika hakuwa na la kufanya, mafuriko yamekuja yamembeba, hapo hakuna uamuzi, endelea kutafuta.

Kwa Liyongo ziko sehemu nne nzuri: kwenye mkoma, Saada mlangoni kwa askari, mwana na sindano, na wenye mji kisimani. Mimi kwa kipindi cha kwanza huchukua mwana na sindano, manake hapo hakuna shujaa wa kushangilia, kuna mtoto, baba, na mtu mkubwa anayeahidi.

Hatua ya 2. Chora ramani kabla ya kuandika neno hata moja

Chukua karatasi, andika namba za vipande, chora mishale. Ukisema kila pahali pawe na chaguo mbili na usimame mara tatu, na kila njia iende zake, tayari una miisho 8 na vipande 15 vya kuandika. Ukisimama mara nne ni miisho 16 na vipande 31. Hakuna mwalimu mwenye usiku wa kuandika hivyo vyote na ana madaftari ya kusahihisha.

Dawa ni kuzifanya njia zikutane tena. Fikiria vichochoro vya mji wetu, mmoja apita huku mwengine apita kule, kila mtu ameona milango yake na watu wake, lakini mwisho wote watokea uwanja wa Mkunguni. Hadithi yako iwe hivo, wakitengana kidogo warudi kwenye kadi moja, kisha watengane tena.

Ramani ya mwana na sindano ni kadi 9 peke yake:

Kadi 1: mwana aitwa kwa mtawala, aahidiwa makubwa. Chaguo tatu: kubali, omba muda wa kufikiri, ama nenda kamwambie babako.
Kadi 2A, 2B, 2C: yanayofuata kila chaguo. Zote tatu zaishia kadi ya 3.
Kadi 3: usiku, baba amelala. Chaguo tatu tena.
Kadi 4A, 4B, 4C: matokeo. 4B na 4C ni miisho, 4A yaenda kadi ya 5.
Kadi 5: kisimani.

Utauliza, aliyekwenda kumwambia babake vipi atafika kadi ya 3? Ndio kazi yako wewe mtunzi. Kwa mfano baba amemsikiliza, amecheka, amesema huyo hanitishi, kisha akalala fofofo na sindano bado iko kwa mtoto, na ahadi ya mtawala bado yamuwasha. Kufika pale pale kwa njia nyingine kunawafanya wanafunzi waone mambo mengine, manake huyu mtoto wa 2C akichoma ana hatia nzito kuliko yule wa 2A, na hilo watalisema wao wenyewe bila ya wewe kuwatafunia.

Hatua ya 3. Andika vipande, vifupi, kwa "wewe"

Kila kadi maneno 60 mpaka 100, isizidi. Mwanafunzi ndiye mhusika, kwa hivo andika "wewe". Weka kitu cha kushikika, harufu, sauti, kitu mkononi. Hii hapa kadi yangu ya 3 uone:

"Ni usiku wa manane. Taa imebaki utambi. Babako amelala chali, kifua chapanda na kushuka, na ukutani umetundikwa mkoba wake, ule wenye kinu na mtwangio ndani, ambao watu wazima hawauwezi kuunyanyua. Sindano iko mkononi mwako, ndogo, imeshapata joto la kiganja. Jana alikuuliza, 'Mwanangu, ni nani aliyekutuma uniulize?' Ukamjibu, 'Hakuna, baba.' Naye akakupa siri yake. Nje jogoo wa kwanza bado.
A. Mchome sasa, kabla moyo haujageuka.
B. Mwamshe, umwambie yote.
C. Toka nje, sindano ukaitupe baharini."

Huo mkoba nimeutoa kwenye masimulizi yenyewe, sikuutunga, na wewe fanya hivo hivo, kila kadi iwe na kitu kimoja angalau kilichotoka kwenye matini. Mwanafunzi akija kukisoma kwa kitabu atakitambua.

Onyo: usieleze maudhui ndani ya kadi. Ukiandika "hapa tunaona usaliti" umemaliza kazi yao yote.

Hatua ya 4. Chaguo zote ziwe na uzito

Chaguo mbaya ni kama hii: A. Msaliti babako. B. Kuwa mtoto mwema. Nani atachagua A? Watoto wa shule wajua kumpendeza mwalimu, wote watakimbilia B na hakuna mjadala.

Chaguo nzuri kila moja yaweza kutetewa. Mchukue Saada mlangoni. Askari ameinua kawa, ameona wali na nyama, ataka kula. A. Mwachie ale, ukae kimya. B. Mkatalie, sema chakula ni cha mfungwa. C. Mbembeleze, umkatie kipande cha mkate ili asishuku. Hapo A yaonekana ni uoga na kumbe ndiyo akili, B yaonekana ni ujasiri na kumbe yaweza kuharibu, C wacha, mkate ukikatwa tupa itaonekana, na grupu ambayo haikusoma vizuri hapo ndipo itanaswa. Zikiwa hivi sifa za wahusika zinajitokeza zenyewe.

Hatua ya 5. Weka sheria ya sababu

Hii ndiyo injini ya kazi nzima. Grupu hairuhusiwi kwenda kadi inayofuata mpaka iandike kwenye daftari sentensi moja ama mbili: tumechagua hivi kwa sababu mhusika ni wa namna hii, na ushahidi ni huu. "Kwa sababu tumependa" haikubaliki, warudishe. Wewe zunguka, soma, weka tiki, wapite.

Kila grupu iwe na msomaji anayesoma kadi kwa sauti, mwandishi wa sababu, na mtetezi atakayesimama mbele ya darasa. Hao wengine watatu kazi yao ni kupinga. Zamu zibadilike kila kadi, la sivyo atasoma yule yule mwenye sauti nzuri mwaka mzima.

Kuhusu lugha, wakijadiliana waache waongee wanavyoongea nyumbani. Mtoto wa Amu akikwambia "hangeweza kushika ile ndia" (yaani njia) amekuelewa na amefikiri, usimkate maneno kumsahihisha. Sanifu itakuja kwenye daftari, na hapo ndipo uwe mkali.

Hatua ya 6. Endesha kipindi

Kwa dakika 40 mimi huigawa hivi, wewe utarekebisha kulingana na darasa lako:

Dakika 5, simulia mwanzo kwa mdomo. Usisome. Simama katikati ya darasa, anza na paukwa, waitikie, simulia mpaka mtawala anapomwita mwana. Fanani, yaani msimulizi, akiwa amejificha nyuma ya kitabu hadhira haiji.

Dakika 15, magrupu na kadi. Kadi zibandikwe ukutani pembe tofauti za darasa, mtu anyanyuke aende akaichukue. Kutembea kwenyewe kunawaamsha, hasa vipindi vya baada ya lunchi na joto lile la Machi.

Dakika 8, watetezi. Grupu zilizochagua tofauti kwenye kadi ya 3 zisimame zitazamane. Hapa wewe funga mdomo. Kuna Fomu 2 walikwama hapa, nusu wasema B nusu wasema C, mpaka kijana mmoja wa nyuma ambaye huwa hanyanyui mkono akasimama akasema hangeweza kumwamsha, manake akimwamsha itabidi amtazame usoni. Darasa likanyamaza. Nikauliza tu, haya, ushahidi wako uko wapi, na grupu yake yote ikainamia matini kutafuta mistari inayoonyesha hofu ya mtoto, hakuna aliyewatuma.

Dakika 2, kadi ya 5, isome wewe. Liyongo yuko kisimani, goti chini, upinde umevutwa, watu wana ndoo mikononi, hakuna anayethubutu kusogea. Halafu nyamaza. Uliza, wewe ni mwenye mji, mtoto wako analia kiu, wafanya nini? Usiwape jibu. Hii ndiyo taharuki, ile hamu ya kujua kitakachofuata, wameshaionja, ukija kuwapa maana yake ubaoni haitawachukua hata dakika.

Dakika 10 za mwisho ni za hatua ya 7 na haziguswi. Hata kama mjadala umenoga vipi, ukate.

Hatua ya 7. Rudini kwa mtunzi

Sasa toeni matini. Chora ubaoni safu tatu: sisi tulichagua nini, mtunzi alichagua nini, na yeye amepata nini kwa kuchagua hivo. Ile safu ya tatu ndiyo fasihi.

Kwa mfano grupu ilimfanya mwana aitupe sindano. Vizuri. Sasa uliza: tungepata kile kisima? Hapana. Tungepata kinaya cha shujaa aliyeshinda jeshi na gereza akaja kuangushwa na mtoto aliyempa siri mwenyewe? Hapana. Na yule mtoto kwa masimulizi mengi hakupewa alichoahidiwa, je, tungejua lolote kuhusu ahadi za watawala? Wakishaona hivo wanaanza kuuliza wenyewe kwa vitabu vingine, mbona huyu mwandishi amemuua huyu, mbona huyu hakurudi nyumbani.

Kisha malizia na swali la mtihani, pale pale, wangali moto. Chukua mstari mmoja wa maneno ya mhusika uulize, "Eleza muktadha wa dondoo hili (alama 4)." Nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, na kwa sababu gani. Mtoto aliyekuwa yeye mwenyewe mlangoni na sinia kichwani hasahau nani alikuwa anaongea na nani. Karatasi ya tatu ya Kiswahili, ile ya fasihi, ni alama 80 na dondoo ndizo zinazowaangusha wengi, anajibu muktadha nusu, anasahau sababu, alama zinapotea kirahisi rahisi.

Hatua ya 8. Waandike wao

Wakishazoea wape kazi ya nyumbani, kila grupu ilete hadithi moja kutoka kwa mzee wa kwao, waitafutie sehemu ya uamuzi, waitengeneze kadi 5 mpaka 9. Wamuombe mzee ruhusa kabla ya kurekodi, na waandike jina lake kama msimulizi kama amekubali, hiyo pia ni sehemu ya utafiti wa fasihi simulizi na mtihani huuliza mbinu za kukusanya.

Walio Malindi mna utajiri wenu, ngano za Kigiriama zenye nyimbo katikati, na Mekatilili wa Menza, yule mama wa Kigiriama aliyewapinga Waingereza, yuko hapo hapo. Ile simulizi ya kuku na vifaranga, anawaonyesha Wazungu kwamba ukigusa kifaranga kuku atakudonoa, ni tukio tayari la kusimamia: wewe ni mzee wa kaya umekaa kwa ule mkutano, utasimama na nani? Ila huyu ni mtu wa historia, aliongoza watu mwaka 1913, akakamatwa akapelekwa Kisii, akatoroka akarudi. Yaliyotokea kweli yaandike kwa rangi moja na ya kubuni kwa nyingine, watoto wasije wakachanganya wakayapeleka kwa karatasi ya historia.

Hatua ya 9. Kompyuta, kama shule inayo

Hii si lazima, lakini kama kuna kompyuta hata tano kwa maabara, iko programu ya bure inaitwa Twine, imeanzishwa na Chris Klimas mwaka 2009. Inafanya ramani ile ile ya hatua ya 2 kwa skrini. Waweza kuitumia kwa brauza ama uidownlodi ukae nayo bila intaneti.

Fungua hadithi mpya, utaona kisanduku kimoja, bonyeza mara mbili, andika kadi yako. Chaguo laandikwa ndani ya mabano mraba mawili mawili, hivi: [[Mwamshe umwambie yote->Kadi 4B]]. Upande wa kushoto wa mshale ni maneno atakayoyaona mwanafunzi, kulia ni jina la kisanduku anachokwenda. Ukiandika jina la kisanduku ambacho hakipo programu inakitengeneza yenyewe. Ukimaliza chapisha kwenye faili, utapata faili moja ya html, iweke kwa flashi, inafunguka kwa brauza yoyote hata bando likiisha.

Onyo kubwa: ukitumia Twine kwa brauza, hadithi zako zinakaa ndani ya brauza ya kompyuta ile. Mtu wa maabara akifuta data ya brauza zimekwenda. Kila siku kabla hujazima weka nakala kwa flashi.

MAKOSA YA KUEPUKA

Kumuweka mwanafunzi kwenye nafsi ya anayedhulumiwa. Vitabu tunavyosoma vina ubakaji, ndoa za utotoni, vipigo. Usiandike "wewe" hapo. Hujui nani darasani yamemfika. Kwa matukio kama hayo waweke kuwa jirani, shangazi, mwalimu, chifu, mtu aliyeona na alikuwa na uwezo wa kufanya jambo, na maamuzi yao hao ndiyo yajadiliwe. Na ukiona mtoto amenyamaza ghafla ama ametoka, mfuate baadaye pole pole, usimuulize mbele ya wenzake.

Kutumia njia hii kila kipindi. Itachuja. Kwa muhula mara tatu, nne, kwenye matukio mazito, zinatosha.

Kutoa zawadi kwa "mwisho bora". Ukishasema kuna mwisho bora wataacha kumsoma mhusika waanze kukusoma wewe.

UKIKWAMA

Wananyamaza, hakuna anayechagua. Mara nyingi chaguo ni rahisi mno ama wanaogopa kukosea. Waambie wanyanyue mikono wote kwa pamoja macho wakiwa wamefunga, hesabu, tangaza namba, halafu uliza nani atatetea walio wachache.

Grupu moja imemaliza mapema. Wape kazi ya kuandika kadi ya chaguo la nne ambalo wewe hukulifikiria. Ikiwa nzuri iingie kwa ramani, na jina lao chini.

Wameleta bunduki, helikopta, Liyongo ana simu. Usikasirike. Sheria ni moja: kitu hakiingii kama hakingeweza kuwepo kwenye dunia ya ile hadithi, na wao ndio wathibitishe. Kumbe hapo unawafunza mandhari.

Time imeisha mkiwa kadi ya 3. Simulia haraka njia ya mtunzi kwa mdomo, ruka kwenda hatua ya 7. Kadi zilizobaki ni za kipindi kijacho, wala usiiache hatua ya 7 kwa kisingizio cha kesho.

Kwa Twine chaguo linapeleka kisanduku kitupu. Jina hujaliandika sawa. "Kadi 4B" na "kadi 4b" kwake ni visanduku viwili tofauti. Rekebisha, kisha futa kile kitupu.

Mkuu wa idara asema huu ni mchezo. Mpe madaftari ya sababu asome, kisha mkaribishe akae nyuma hatua ya 7. Usibishane naye ofisini.

Na hili la mwisho ndilo linalowatia hofu walimu zaidi, tena kwa haki: mwanafunzi amefika kwa mtihani ameandika mwisho wa darasa badala ya mwisho wa kitabu, amesema mwana aliitupa sindano baharini. Ndio maana nikasema manila za rangi mbili. Njia ya mtunzi iandike kwa rangi moja, tuseme kijani, njia zote nyingine ziwe nyeupe, tangu siku ya kwanza, kwa kila kitabu. Kipindi kikiisha bandua nyeupe zote uzifungie kwa bahasha, kijani ziache ukutani kwa mpangilio wake mpaka wiki iishe, na mwanzo wa kipindi kinachofuata mwanafunzi mmoja asimulie upya akizifuata hizo za kijani peke yake. Akiteleza wenzake watamrudisha kabla yako. Kabla ya mitihani toa ile bahasha, changanya kadi zote mezani, waambie grupu zitenganishe ya mtunzi na zetu kwa dakika tano bila kufungua kitabu. Zile kadi wanazozibishania ziandike pembeni, hizo ndizo sehemu za kurudia kusoma nao wiki hiyo.